Siku Ahmadi Alipompeleka Shemeji Yake Baharini

Mikono ya Ahmadi ilijulikana Satwa, mtaa wa Dubai, kabla jina lake halijajulikana. Kwenye gereji ya Hazim, Msyria aliyekuwa arbab wake, yaani tajiri wake wa kazi, magari yaliyogongana yaliletwa yamekunjamana mbele hata hujui taa ilikuwa wapi, na yeye ndiye aliyeyarudishia sura, kwa jeki, kwa moto na kwa nyundo. Wateja walisimama mbali wakimtazama. Alipiga chuma kama mtu anayejibu matusi.

Kwao ni Tanga, mtaa wa Ngamiani. Ujanani alicheza ngumi za ridhaa, na ingawa hakuwahi kuvaa mkanda wowote, mabondia wenzake waliomba wasipangwe naye, kwa kuwa hakujua kupiga kwa kutafuta pointi. Alipiga kwa kuumiza. Aliwahi kumvunja mtu taya katika pambano la kirafiki, akaenda kumwangalia hospitali na machungwa kwenye mfuko, akakaa kando ya kitanda, akashindwa hata kusema pole. Mwalimu wake akamwambia aache. Akaacha, akajifunza kunyoosha bodi za magari, na kazi hiyo ndiyo iliyomfikisha Dubai.

Mdogo wake Amne alimfuata baadaye, akapata kazi ya usafi kwenye zahanati moja Al Qusais. Baba yao alikwisha kufariki. Kwa hiyo Amne alipoposwa na Jaafar, mtu wa Mombasa aliyekuwa akifunga mizigo ya wafanyabiashara kule Naif, ni Ahmadi aliyekaa mkekani mahali pa baba na kumshika Jaafar mkono wakati ndoa inafungwa. Alimpenda Jaafar. Kila mtu alimpenda. Alikuwa mcheshi, mwepesi wa kusaidia, na kwenye shughuli za watu wa pwani yeye ndiye aliyesimamia sufuria la pilau.

Ndipo Doris alipopiga simu. Doris ni Mtanzania wa Moshi aliyekuwa akifanya kazi pamoja na Amne.

“Kaka Ahmadi,” alisema, “nenda ukamwone dada yako. Usimpigie kwanza. Nenda tu.”

Alikwenda na nguo za kazi. Amne alifungua mlango nusu, akataka kuufunga, kisha akauachia. Jicho lake moja lilikuwa limefumba kabisa. Mdomo ulikuwa umepasuka, na vidole viwili vya mkono wa kushoto vimefungwa pamoja kwa bendeji.

“Nimeteleza bafuni,” alisema.

Ahmadi alikaa kwenye kiti, akainamisha kichwa, akangoja. Alikuwa ameona nyuso nyingi zilizopigwa, nyingine kwa mikono yake mwenyewe, na alijua bafu halimpigi mtu pande zote mbili za uso. Mwishowe Amne alikaa sakafuni akamweleza. Haikuwa mara ya kwanza. Safari hii Jaafar alimbana ukutani akampiga mpaka akachoka, akaenda jikoni kunywa maji, akarudi akaendelea. Vidole alivivunja kwa kuvibana na mlango.

“Kosa lako nini?” Ahmadi aliuliza, na hapo hapo akajutia swali.

Amne alimtazama kwa jicho moja. “Chai ilikuwa ya baridi, kaka. Unataka nikutafutie kosa kubwa zaidi?”

Amne akamshika mkono. “Usifanye kitu. Nakuomba. Niachie mimi, najua ninachotaka kufanya.”

“Sawa,” alisema Ahmadi.

Lakini alipokuwa akishuka ngazi hakumbuki hata kama alizikanyaga. Kichwani mwake kulikuwa na kitu kimoja tu, mkono wa Jaafar ndani ya mkono wake, siku ile mkekani.

Pale gerejini kulikuwa na kayaki ya watu wawili. Mteja mmoja aliileta ikiwa imepasuka tumbo, hakurudi kuichukua, na Hazim akamwambia Ahmadi aizibe aichukue. Ni kimtumbwi cha plastiki ambacho mtu hukaa juu yake, mmoja mbele mmoja nyuma, kila mmoja na kafi lake. Ahmadi aliomba kibali cha kuvua, na siku za mapumziko akawa anakwenda kuvua nje ya bandari ya Jebel Ali, mahali ambapo mwani umeota chini kwa wingi na maji yanaonekana meusi kutoka juu. Mara kwa mara Jaafar alikuwa akimwomba, “Shemeji, nipeleke na mimi siku moja.”

Alimpigia simu. Sauti yake mwenyewe ilimshangaza kwa upole.

“Ijumaa hii, shemeji. Ukiwa na nafasi.”

“Nitaikosaje?” alisema Jaafar, akacheka.

Walitoka mapema, jua bado chini, kayaki ikiwa nyuma ya pikapu ya gereji. Jaafar alikuja na chupa ya chai na mahamri aliyokaanga mwenyewe. Njia nzima alizungumza. Ahmadi aliendesha. Hakuwa na mpango aliouandaa kichwani kama watu wanavyodhani. Alijua tu kwamba anataka kuwa na mtu huyu mahali ambapo hapana jirani wa kugonga mlango.

Walipofika kwenye mwani walitupa kinanga, wakatia ngisi kwenye ndoana, wakashusha mishipi. Jaafar alikaa mbele. Ahmadi alikaa nyuma yake.

Ikawa siku ya uvuvi mbovu. Bahari ilitulia kama maji ya kwenye sinia, wala samaki hawakutaka kula. Tasi walidonoa chambo kwa midomo yao midogo wakakimaliza bila kunasa. Ndoana zilipozama kidogo zaidi zilishika mwani, na ukivuta unaleta mkia mrefu wa majani yanayoteleza, unayabandua, unatia chambo kingine, unashusha tena. Jua lilipanda. Meli za makontena zilipita mbali bila sauti. Saa zilikwenda, na kwa saa zote hizo Ahmadi hakuwa na kitu kingine cha kutazama isipokuwa kisogo cha shemeji yake. Alikijua kama anavyoijua nyundo yake. Palikuwa na kovu dogo chini ya sikio, na nywele zilizonyolewa vizuri, mstari umenyooka. Kinyozi alikuwa amefanya kazi yake juzi tu. Kwa hiyo baada ya kumpiga Amne mtu huyu alikwenda kinyozi, akakaa kwenye kiti, akajitazama kwenye kioo.

“Shemeji, kunywa chai,” Jaafar alisema, akampitishia kikombe juu ya bega.

Ahmadi alikipokea. Ilikuwa ya moto. Akaimwaga baharini polepole, bila kelele, akarudisha kikombe.

“Tamu, eh?”

“Tamu.”

Jaafar alivua jaketi lake la kuokolea kwa sababu ya joto, akalikalia. Aliongea juu ya duka atakalofungua Mombasa, juu ya mama yake, juu ya Mpakistani mmoja kule Naif anayekoroma hata akiwa amesimama. Ahmadi alijikuta anataka kucheka, na kicheko kile kilichotaka kutoka kilimtia hasira kuliko yote. Mara mbili alishika kafi kwa mikono miwili. Mara mbili akaliweka tena magotini.

Kisha mshipi wa Jaafar ukaenda.

Ulitoka kwa nguvu, ukamkata kiganja, na kayaki ikageuka mzima mzima. Alikuwa mzia, samaki mrefu wa fedha mwenye meno ya mbwa. Alipigana kwa muda mrefu, akizama mwanini na kuibuka, na Jaafar akamvuta akilaani na kucheka, mpaka akampandisha kwenye mapaja yake. Samaki alijipinda akamgonga tumboni. Jaafar akachukua rungu dogo la mti lililokuwa limefungwa ubavuni mwa kayaki, akampiga kichwani. Pigo la kwanza lilitosha. Samaki alitetemeka akanyooka. Lakini Jaafar akapiga tena. Akapiga, akapiga, damu ikamrukia Ahmadi usoni na midomoni, jicho la samaki likatoka, na kisogo kile kilichonyolewa vizuri kikawa kinapanda na kushuka, na pumzi zake zikawa zinasikika kama za mtu anayefanya kazi anayoipenda.

Alipomaliza aligeuza uso, anatabasamu, jasho linamtiririka. “Lazima umtulize mapema,” alisema. “La sivyo atakusumbua.”

“Na Amne,” alisema Ahmadi, “ulimtuliza hivyo?”

Tabasamu halikuondoka mara moja. Lilibaki usoni kidogo, halina kazi. Jaafar alitazama ufuko uliokuwa mstari mwembamba kwa mbali, akatazama maji, kisha akamtazama shemeji yake.

“Kumbe ndiyo maana umenileta huku.”

Hakungoja jibu. Alijigeuza kiuno na rungu mkononi na kumpiga Ahmadi kwenye mfupa wa bega. Ahmadi alisikia mfupa ukilia. Kafi lilikuwa tayari limenyanyuka, na upande wake bapa ukampata Jaafar sikioni, mlio kama wa mlango. Kayaki ikalala ubavu. Wakaanguka wote wawili, na chai, na mahamri, na samaki mfu, na mishipi yote.

Chini mwani uliwapokea. Uliota kutoka mchangani kwenda juu, mzito, unateleza, unazunguka miguu kama nywele. Jaafar alikuwa mwogeleaji mzuri, akamjia Ahmadi kwa vidole machoni. Ahmadi alimshika shingo. Waliibuka, wakavuta pumzi moja, wakazama tena. Jaafar alimng'ata mkono mpaka meno yakakutana, Ahmadi akauachia mkono ule ung'atwe na kwa mwingine akampiga ubavuni, chini ya maji ambamo ngumi haina kasi, akapiga hata hivyo. Kisha akaukamata mkono wa kulia wa Jaafar, ule uliofunga mlango juu ya vidole vya Amne. Akauweka juu ya goti lake akauvunja. Alihisi ukivunjika. Mapovu mengi yalitoka kwenye mdomo wa Jaafar, na ndani ya mapovu yale mlikuwa na ukelele.

Sasa ilikuwa rahisi. Alimzungushia miguu kiunoni, akamshika koo kwa mkono wa kulia, akamsukuma ndani ya mwani. Akazuia pumzi, akahesabu kimoyomoyo kama alivyofundishwa ulingoni. Jaafar alipapatika, akapapatika kidogo, akalegea.

Hata leo Ahmadi hasemi kwamba alimhurumia. Anasema ukweli, na ukweli ni huu. Ndoana moja ilikuwa imemzama kwenye kiganja cha mkono ule ule aliomkaba nao, na mshipi wake ulikuwa umefungwa kwenye kayaki, na kayaki, iliyokatika kinanga, ilikuwa inachukuliwa na maji. Mshipi ukanyooka. Ndoana ikararua kiganja kutoka katikati kuelekea kidole gumba. Maumivu yakamfungua mkono. Si yeye aliyeufungua.

Aliibuka anapiga kelele. Akaukata mshipi kwa meno. Alipotazama chini alimwona Jaafar anashuka taratibu kati ya majani, mikono juu, uso wa mtu aliyelala. Hapo ndipo hofu ilipomshika, hofu baridi ambayo hajawahi kuijua, si ya polisi wala ya Mungu kwanza, bali ya kubaki peke yake na kile alichokitenda. Akapiga mbizi. Akamshika kwapani, akamng'oa kutoka mwanini kama mtu anayeng'oa muhogo, akamfikisha juu, akamlaza tumbo juu ya kayaki iliyopinduka, akaanza kumpiga mgongoni kwa kiganja kinachovuja damu. “Tapika,” alimwambia. “Tapika, mwanaharamu, tapika.”

Jaafar alitapika. Maji, chai, kisha kilio.

Safari ya kurudi ilikuwa ndefu kuliko asubuhi yote. Ahmadi aliigeuza kayaki ikakaa sawa, akampakia Jaafar; kafi lilibaki moja. Alipiga kafi kwa bega lililovimba na mkono uliopasuka, Jaafar amelala mbele, mkono wake umepinda mahali pasipo na kiungo. Karibu na ufuko Jaafar alifumbua macho.

“Ungeniua.”

“Ndiyo.”

“Kwa sababu ya mwanamke.”

“Ukisema neno jingine nakurudisha kule.”

Ufukoni kulikuwa na familia za Kihindi zinachoma nyama, na mlinzi aliyekuja mbio. Kabla Ahmadi hajafungua mdomo, Jaafar alisema kwa Kiarabu chake cha sokoni kwamba jetski, ile pikipiki ya majini, imewagonga ikakimbia. Mlinzi akaita gari la wagonjwa. Ahmadi alishangaa, lakini alifunga mdomo, akamshukuru Mungu kwa uongo wa mwenzake.

Shukrani hiyo haikufika alasiri. Hospitali walimfunga Jaafar plasta, Ahmadi akashonwa kiganja na kutiliwa kombeo la kitambaa begani. Akiwa bado kitandani Jaafar akaazima simu, akampigia mwenzake wa Naif ambaye polisi walikuwa wamemfikia wakimtafuta yeye, akasikiliza, uso ukabadilika. Akaikata. Akamwita Ahmadi karibu kwa kidole.

“Dada yako amekwenda polisi leo asubuhi. Yeye na yule Doris. Na karatasi ya daktari. Sisi tuko baharini, yeye yuko polisi.” Alitabasamu upande mmoja, upande mwingine ulikuwa umevimba. “Sasa sikiliza, shemeji. Akifuta kesi yake, mimi na wewe tumegongwa na jetski. Asipofuta, umetaka kuniua, na hilo ni kweli, na kweli haihitaji mashahidi wengi. Kamwambie.”

Ahmadi aliondoka. Alimkuta Amne chumbani kwa Doris. Alikuwa amevaa buibui lake jipya, lile la Idi, na uso wake wote umevimba, na bado alikuwa amekaa wima kama mgeni wa heshima. Alitazama kombeo. Akatazama mkono.

“Yuko hai?” aliuliza.

“Yuko hai.”

Amne alipumua. Kisha Ahmadi akamweleza yote, mpaka maneno ya Jaafar ya mwisho. Alidhani atalia, au atamkumbatia. Amne alisimama.

“Nilikwambia uniachie,” alisema kwa sauti ya chini. “Nilikaa wiki nzima najikusanya. Kila asubuhi nasema leo, naogopa, nasema kesho. Leo nimekwenda. Nimekaa mbele ya askari mwanamke, nikavua mtandio akaniona. Mimi mwenyewe. Na wewe muda uleule unaniharibia. Sasa kipigo changu kimewekwa kwenye mizani na chako.”

“Nilifanya kwa ajili yako.”

“Hapana, kaka. Ulifanya kwa ajili ya mkono wako, ule uliomshika siku ya ndoa. Mimi sikuwemo.”

Doris alikuwa anaosha vyombo. Aliacha kuosha, bomba likaendelea kumwaga.

Ahmadi alirudi Satwa, akalala na nguo zake. Asubuhi alimwambia Hazim kwamba huenda hatarudi kazini. Hazim alimtazama mkono, akasema “inshallah khair,” hakuuliza zaidi. Ahmadi akaenda kituo cha polisi kile kile alichokwenda Amne. Walimwita mkalimani, Msudani mpole. Ahmadi akasema, “Hakuna jetski. Nilimpeleka baharini nimpige. Nikataka kumuua. Kisha nikamtoa.”

Mkalimani aliuliza mara mbili kama ana hakika anataka hayo yaandikwe. Alisema ana hakika. Na kwa kuwa yeye mwenyewe alikwisha kuyasema, Jaafar hakubaki na kitu cha kumtishia nacho Amne.

Mambo yakaenda kama yanavyokwenda. Ahmadi alifungwa. Jela hakupigana na mtu, ingawa mmoja alimtafuta sana, akamtemea mate kwenye chakula. Alikula upande ambao mate hayakufika. Jaafar naye alihukumiwa, kifungo kifupi kuliko chake, na kila mmoja kwa wakati wake akarudishwa kwao. Mahakama ilimpa Amne talaka. Yeye alibaki Dubai, kazini kwake, na katika chumba alichopanga pamoja na Doris.

Ahmadi sasa ana kibanda cha kunyoosha bodi nyuma ya stendi ya Tanga. Mkono wa kulia hausikii moto wala baridi katikati ya kiganja, kwa hiyo hujichoma mara nyingi bila kujua. Hana mashua, wala havui. Watu wakimuuliza habari za Dubai husema kazi zipo, joto lipo.

Mwaka huu Amne alikuja likizo. Alifikia kwa shangazi yao, akakaa siku kadhaa bila kufika kibandani. Kisha mchana mmoja akatokea na sahani mbili zilizofunikwa, akatandika kitambaa juu ya boneti la gari lililokuwa linatengenezwa, wakala wamesimama. Wali na mchuzi wa papa. Vidole vyake viwili vilikuwa vimepona vikiwa vimepinda kidogo.

“Umenisamehe?” Ahmadi aliuliza.

“Bado,” alisema Amne. “Nipe ndimu.”

Alimpa. Walikula. Baada ya muda, bila kuinua macho, Amne akasema, “Jaafar anaoa tena. Binti mmoja wa Kisauni, kule Mombasa.”

Ahmadi aliweka tonge chini. Akafuta mkono kwenye suruali, akatazama barabara upande wa stendi, pale mabasi ya Mombasa yanapopakia. Amne aliliona jicho lile. Alikuwa amelijua tangu utotoni.

“Tulia, ule,” alisema. “Nimekwisha kumpigia simu mama wa huyo binti. Nimemtumia na picha za uso wangu.”

“Akasemaje?”

“Alilia. Kisha akaniuliza jina la daktari aliyeniandikia karatasi, ahakikishe.” Akamsogezea sahani. “Kula, kaka. Mchuzi unapoa.”